Mkwe Aliyesahihisha Watu

Théogène wa Karuba hakuwa mtu wa kugombana na jirani kwa sababu ya shamba, wala ng'ombe, wala mpaka. Aligombana na watu kwa sababu ya maneno. Ukisema mbele yake "ng'ombe iko anakunywa", alikukata kauli kabla ng'ombe hajameza. Ukisema "ao" mahali pa "au", alikutazama kama mtu uliyemtemea mate ndani ya maziwa. Shule yenyewe hakuifikisha mbali. Aliishia darasa la tatu, siku baba yake alipomwambia kwamba ng'ombe hawachungwi kwa kalamu. Lakini katekisimu aliijua kwa moyo, redio aliisikiliza kila jioni, na kwa hivyo viwili alijijengea lugha aliyoiita Kiswahili bora. Kiswahili hicho kilimponyoka kila alipokasirika, naye alikuwa mwepesi wa kukasirika. Vilimani walimwita Profesa, akadhani ni heshima.

Hakuzaliwa hivyo. Alianza baada ya kufiwa na mkewe, Joséphine-Marie. Mama huyo aliumwa tumbo majira ya mvua, wakambeba kwa machela mpaka kituo cha afya, na mkubwa wa pale, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, akawaambia, "Dawa iko inakuya." Wakangoja. Barabara ilikuwa imekatika, na waliopewa kazi ya kuitengeneza walikuwa mjini wakifanya mikutano juu ya barabara. Mama akafa huku dawa ikiwa bado "iko inakuya". Tangu hapo neno hilo dogo lilimwingia Théogène sikioni kama siafu, akaamini kwamba nchi hii iliharibikia mdomoni kwanza. Wakubwa wakitaka kuahidi ulinzi, wanasimama mbele ya watu wanasema "tutasekirize population", watu wanapiga makofi, na hakuna hata mmoja anayeuliza neno hilo limelala wapi. Mto ukichafuliwa juu, alisema, wa chini watakunywa tope. Mtu asiyeweza kupanga maneno yake, atapanga nini?

Baada ya matanga milio ya bunduki ilisikika vilimani, na binti yao wa pekee, Mamy, akachukuliwa na wajomba zake wa Walikale, kule msituni alikozaliwa mama yake. Ilikuwa iwe kwa muda mfupi. Muda mfupi ukazaa mwingine, mtoto akatimiza miaka kumi na miwili, na huku Karuba Théogène alikuwa akipika chungu kizima cha viazi kwa mazoea, halafu anawapa mbwa. Basi vilima vilipotulia kidogo, akasema inatosha, anaenda kumrudisha mtoto wake nyumbani. Akafunga fromaji ya Masisi, ile jibini ya kwao, kwenye majani ya migomba iwe zawadi ya wakwe, akakodi pikipiki ya Symphorien, motari mmoja wa Sake mwenye maneno mengi, wakashika njia.

Njia ile si ya kusimulia; aliyeipita anaijua, na wenye jukumu juu yake hawajawahi kuipita. Kutoka Masisi mpaka Nyabiondo, na kutoka Nyabiondo mpaka Kashebere, walikuwa mara juu ya pikipiki, mara pikipiki juu yao. Njia nzima Théogène alimsahihisha Symphorien mgongoni. Walipofika kwenye kizuizi kimoja, kijana mwenye bunduki akauliza, "Munzehe iko na enda wapi?" Théogène akavuta pumzi. Symphorien akamfinya goti, akamnong'oneza kwa unyenyekevu kabisa, "Papa, uyu umuachie iko yake."

Wakafika kijijini kwa wakwe jua likiwa la utosi. Ulikuwa mji wa nyumba chache za udongo, barza, kibanda cha wanaume, katikati, jiko la wanawake pembeni, na msitu nyuma yake kama ukuta. Shemeji yake Hilaire, mwindaji, kaka wa marehemu, alimpokea kwa mikono miwili. Mama mkwe hakuonekana, na hilo lilikuwa sawa: katika ukoo ule mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na mkwe halitamki jina la mama mkwe hata akiulizwa na polisi. Hayo Théogène aliyajua tangu siku ya uchumba, na alijivunia kuyashika.

Kisha mtoto akatoka njia ya mtoni na ndoo kichwani. Alikuwa amerefuka. Akasimama, akatabasamu, akasema, "Papa, ulikuya. Koko iko mu jiko. Bantu bote iko salama."

Ilikuwa sauti ya Joséphine-Marie, na ule mvuto wake wa mwisho wa neno, kama mtu anayeburuta kanga sakafuni. Mkewe alisema hivyohivyo miaka yote ya ndoa na halikumkera hata neno moja. Sasa, mahali pa kufungua mikono akafungua mdomo. Akamwambia mtoto kwamba watu husema umekuja, husema bibi yuko jikoni, husema watu wote ni wazima. Haya, aseme tena. Tabasamu la mtoto likasimama njiani. Akasema tena, akakosea tena, akasahihishwa tena, na ndoo bado kichwani.

Hilaire akacheka ili kupooza mambo. "Mama," akamwambia yule mtoto, "tua mayi kwanza. Mugeni iko muchovu."

Hapo Théogène akamgeukia yeye. Kumbe hata huyu, mtu mzima mwenye mvi, hajui tofauti ya mama na mpwa. Akamweleza polepole, kama katekista, kwamba mtoto wa dada huitwa mpwa, kwamba mama ni yule aliyekuzaa, na kwamba mtu akichanganya ndugu zake kwa maneno, kesho atachanganya mashamba yao. Hilaire akatazama chini. Akajibu kwamba wanajua, shemeki, wanajua.

Mambo yangeishia hapo kama si ile fromaji. Mtoto aliagizwa kuipeleka jikoni, akaifungua, akainusa, akasema mbele ya mji mzima, "Papa, hii kintu iko ananuka." Wanawake wakaangua kicheko. Fromaji ile Théogène aliipakata kutoka Karuba kama mtoto mchanga, ikanyeshewa mvua, ikaanguka naye topeni. Damu ikampanda. Akasimama katikati ya uwanja, akamwita binti yake kwa jina lake la ubatizo, jina kamili, kama baba anavyomwita mtoto akitaka ajue kwamba mchezo umekwisha.

"Adelaïde, funga kinywa. Hauna adabu, na maneno yako inaoza."

Mchi ukasimama ndani ya kinu. Jikoni kitu cha bati kikaanguka, kikazunguka, kikatulia. Mtoto akaweka fromaji chini, akaingia jikoni bila kutazama nyuma. Wazee wa barza wakainua macho darini, wote pamoja, kana kwamba paa linavuja. Théogène akaketi. Aliona wamenyamaza, akadhani wamemheshimu.

Kuanzia saa ile akawa kiziwi mwenye masikio mazima. Hilaire alimwambia jambo kwa Kinyanga, lugha ya kwao, jambo refu na la upole. Théogène akasema hakusikia. Hilaire akarudia lilelile, kwa Kinyanga, kwa upole uleule. Mwanamke mmoja akaleta ndizi na mboga ya sombe yenye mawese, akasema neno la Kinyanga, akaondoka. Wazee waliongea Kinyanga, watoto walicheza kwa Kinyanga, hata aliyekuja kuomba moto aliuomba kwa Kinyanga. Théogène akasafisha koo, akatangaza kilichomleta: amekuja kumchukua mtoto wake, kwa heshima zote, arudi naye Karuba. Walimsikiliza vizuri sana, vichwa vimeinama upande, kama watu wanaosikiliza mvua inayonyesha kilima cha pili. Kisha mmoja akamjibu. Jibu lilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho, na wengine wakalitikia. Yeye hakujua kama wamempa mtoto, wamemnyima, au wamemuuliza kama sombe ina chumvi ya kutosha.

Asubuhi ilikuwa vivyo hivyo. Alimsalimu kila aliyepita, na kila aliyepita alimjibu kwa adabu maneno asiyoyajua. Akajaribu bonjour, bonjour ikajibiwa kwa Kinyanga. Akajaribu Kinyarwanda, lugha ya nyumbani kwake. Aliyegeuka ni mbuzi. Mtoto wake mwenyewe alipita na wanawake kwenda shambani, akainamisha kichwa mbele yake, akasema sentensi moja ndogo ya kwao, akaendelea na safari. Hiyo ndiyo iliyomkata maini. Ameondoka Karuba kumfuata mtoto mmoja tu duniani, na sasa hata mlango wa kumwombea amefungiwa, na hajui nani kaufunga wala kwa kosa gani.

Akaanza kukisia. Labda ni fromaji. Labda kwao kitu kinachonuka ni uchawi. Labda kumetoka amri mpya, kwamba upande huu wa Walikale Kiswahili kimepigwa marufuku. Wakubwa hawakosi amri, wanakosa dawa tu. Labda watu hawa walimwambia neno siku ya matanga, naye kwa kilio hakulijibu. Alilizungusha jambo lile kichwani kama ng'ombe anavyozungusha jani, lakini ng'ombe mwishowe humeza.

Kisha akasikia kicheko nyuma ya nyumba. Hilaire na Symphorien walikuwa wakikaza mnyororo wa pikipiki na kupiga soga, kwa Kiswahili, Kiswahili kilichojaa iko na njo na ao kama maharagwe yaliyojaa mawe. Théogène akatokeza kichwa. Hilaire akamaliza sentensi yake kwa Kinyanga, akajifuta mikono, akaenda zake.

Basi si amri. Ni yeye tu.

Akamkamata Symphorien, akamwambia aseme anachojua. Symphorien alizungukazunguka, akasifu kwanza ukarimu wa watu wale, akalalamika juu ya mnyororo, mwisho akatoa. Wenyeji wanasema Kiswahili chao kinamuumiza Papa masikio, basi wanamhurumia. Wameona wamuachie masikio yapumzike. Hiyo ni moja. Ya pili ni nzito, wala haimhusu yeye, yeye ni motari tu. Wanasema Papa alimtukana mama mkwe wake.

"Mimi? Hata uso wake sijauona."

"Mi sijue, Papa. Banasema ulimuita na jina, mu lupango lwake, mu kiwanja yake mwenyewe, ukamuambia afunge kinywa."

Théogène akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya gogo la kuni. Jina la mama mkwe lilikuwa Adelaïde. Alilijua, ndilo jina ambalo kwa miaka yote aliliruka kama mtu anavyoruka nyoka njiani. Na mtoto wake alibatizwa Adelaïde kwa kumpa heshima bibi yake, awe ndoyi wake, mwenye jina moja naye. Hayo pia aliyajua. Lakini yeye aliyaweka katika vikapu viwili, jina la mkwe huku, jina la mtoto kule, wala hakuwahi kuona kwamba kwa watu hawa kikapu ni kimoja. Mwenye jina la mama ndiye mama. Ndiyo maana Hilaire, na mvi zake zote, alimwita mtoto Mama. Ndiyo maana jana wanawake walimtengea mtoto kiti kama mtu mzima. Ndiyo maana Joséphine-Marie, tangu mtoto akiwa mgongoni, alimwita Mamy tu. Na mtoto akivunja sahani, mama alikuwa akiigombeza sahani. Théogène alidhani ni maringo ya mjini, tena aliwahi kumkaripia kwamba analea mtoto kama yai.

Kwa nini hawakumwambia? Akamlaumu padri aliyebatiza, aliyemwaga maji na kwenda kunywa chai. Akamlaumu chefu wa kijiji, aliyekula mbuzi wa harusi na asiseme neno. Hivyo ndivyo walivyo wote wenye vyeo: shimo wanalijua, na watakuonyesha ukishatumbukia. Lakini hata alipokwisha kuwalaumu wote, kichwa hakikutulia. Kama mtoto ni mama mkwe, yeye Théogène ni nani kwake? Alimbeba mgongoni akiwa na homa, alimpangusa kamasi. Je, hayo nayo yalikuwa makosa? Na kama hapaswi kumtazama usoni, atamlea kwa kumtazama wapi?

Mchana Hilaire alipita karibu naye, akasimama, akamtupia Kiswahili kidogo kama mtu anavyomtupia mfungwa muhogo. "Shemeki, kama unataka kuomba, omba mwenye jina." Akaendelea kutembea.

Wakamwekea kigoda nje ya jiko, mgongo wake ukielekea ukuta wa udongo. Nyuma ya ukuta, jikoni, alikaa mama mkwe. Mtoto akakaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, kwa sababu bibi hakuwa na Kiswahili cha kutosha na mkwe hakuwa na Kinyanga hata chembe. Wazee wa barza wakasogeza viti vyao, kwa bahati tu, mpaka mahali pa kusikia.

Théogène alikuwa amejiandalia maneno. Tangu kwenye lile gogo alikuwa akiyapanga, maneno ya katekisimu, yaliyonyooka. Akasema kuelekea barabarani kwamba anatubu kosa lake kubwa na anawaomba wenye nyumba wamwondolee hatia. Mtoto akatulia, akakuna kichwa, akauliza hatia wanaiondolea wapi. Wazee wakakohoa. Théogène akaanza upya, kwa maneno mepesi zaidi, akakwama, jasho likamtoka, na kilichotoka mwishowe kilitoka peke yake bila kupigwa pasi.

"Mama, niko naomba musamaha. Sikujua. Nilikuwa na hasira."

Hayo mtoto aliyapitisha upande wa pili bila kukwama. Sauti ya kizee ikasema kitu, polepole, na mtoto akaigeuza kwa Kiswahili chake, na Théogène akajikuta ameegemea nyuma asipoteze hata iko moja, maana kila neno lililotoka mlangoni lilikuwa linaamua kama atarudi Karuba na mtu au na pikipiki tupu.

Koko anasema muntu anaweza kukosea. Koko anauliza, alikuya kuchukua nani?

Akajibu kwamba alikuja kuchukua mtoto wake, na kwamba nyumba iko tupu. Akasikia mwenyewe ile iko yake, akaiacha ipite.

Sauti ya ndani ikaongea kwa kirefu. Mtoto akasikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema, "Koko anasema, mutoto iko wa baba, hakuna mwenye kukatala. Lakini jina iko yake yeye. Jina yake haiwezi kwenda kulala ku nyumba yeye hayaone. Anasema njo atakwenda pamoja na siye, aone kwanza."

"Atakwenda wapi?"

"Kwako, Papa. Atabakia mpaka maharagi ikomae."

Théogène akageuka nusu, akakumbuka ukuta, akarudisha shingo haraka. Nyumba yake ina vyumba viwili na mlango mmoja. Mtu ambaye hatakiwi kumtazama, wala kula mbele yake, wala kutamka jina lake, atakaa naye vyumba viwili mpaka maharagwe yakomae? Akataka kuuliza kama hiyo ni zawadi au ni adhabu. Akamuuliza Hilaire, aliyesimama nyuma ya wazee, kwa macho. Hilaire akasema kwamba ni jibu.

Likabaki moja, na halikuwa la bibi. Akamuuliza mtoto, akitazama barabara, kama yeye mwenyewe anataka kuja. Hakutumia jina lolote. Hakujua tena lipi ni lake.

Mtoto hakuharakisha. Akachora kitu vumbini kwa kidole cha mguu. "Niko nataka, Papa," akasema. "Lakini usinifundishe njia yote."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akawaza kwamba labda kichwa hakitoshi, akasema ndiyo.

Asubuhi ya kuondoka likazuka tatizo ambalo hakuna mkubwa wa nchi angeweza kulaumiwa kwa ajili yake. Pikipiki ya Symphorien ilibeba watu watatu, na wa nne akiwa mwembamba. Lakini mkwe na mama mkwe hawawezi kupanda mnyama mmoja, hata mnyama huyo akiwa wa chuma na anakunywa petroli. Wanawake walijadili, wazee wakajadili. Mmoja akashauri mtoto akae katikati awe ukuta; mwingine akamkumbusha kwamba mtoto naye ni mama, kwa hiyo ukuta wenyewe ni mkwe. Symphorien alisema kwake abiria ni abiria. Mwisho bibi alitoka amefunikwa kitenge mpaka puani, akapanda; mtoto akapanda mbele yake; mzigo wa ndizi ukafungwa nyuma, na fromaji, ambayo hakuna aliyeigusa, ikarudishwa na wenyeji kwa heshima. Théogène akaenda kwa miguu.

Hilaire alimsindikiza mpaka mtoni, akimsimulia mitego yake na nguruwe mmoja wa msituni aliyemsumbua, kwa Kiswahili, maana Kiswahili kilikuwa kimefunguliwa tena. Nguruwe iko anakuya, nguruwe iko anakimbia, mbwa ao mutego, hajui ni nini kilimkosa. Mara moja midomo ya Théogène ilitikisika, akakohoa. Wakaagana katika maji.

Aliwakuta wamemngojea kwenye daraja la miti, kabla ya Kashebere. Pikipiki ilikuwa imezimwa ili ipoe. Bibi alikaa juu ya jiwe, mgongo ukielekea njia, na Théogène alipokaribia, yeye pia akageuza mgongo, wakawa kama watu wawili wanaolinda daraja kutoka pande mbili. Mtoto akaja na ndizi ya kuchoma iliyofungwa kwenye jani, akampa kwa mikono miwili. Kutoka kwenye jiwe bibi akasema kitu kwa Kinyanga, maneno machache tu, na mtoto akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja.

"Anasema nini?"

Mtoto akafungua mdomo, akaanza, akasita, akajaribu upande mwingine, akatikisa kichwa. "Haitoke muzuri mu Kiswahili, Papa."

Symphorien akapiga kiki, pikipiki ikanguruma, mtoto akakimbia kupanda. Théogène akabaki na ndizi mkononi. Huenda ilikuwa baraka. Huenda ilikuwa matusi. Mama mkwe ana haki nayo. Akaila ikiwa bado na moto, akafuata alama ya tairi kwenye tope, akiongeza mwendo, kwa sababu ufunguo wa nyumba ulikuwa mfukoni mwake na wao walikuwa wanafika kabla yake.